Weupe wa Theluji

Mjini Montreal, nchini Kanada, theluji husifiwa kwa weupe wake, na mwezi Machi hulaumiwa kwa uchafu. Je, hukumu hiyo ni ya haki? Theluji iyeyukapo hufichuka vipisi vya sigara, kinyesi cha mbwa, glavu zilizopotea, na kokoto zilizomwagwa njiani ili watu wasiteleze. Hakuna hata kimoja kilicholetwa na Machi. Vyote ni vya wakazi wenyewe. Weupe uliwasitiri tu, na mwenye kufichua ndiye alaumiwaye. Sitara ni jambo jema, naam, lakini kusitiri si kusafisha. Theluji nyingine ya barabarani husombwa kwa malori hadi machimbo ya zamani ya Francon, ikarundikwa humo mithili ya mlima. Majira ya joto huukuta mlima huo, mweusi kwa taka, ungali unayeyuka.