Ni Nani Aliye wa Kwetu?

Wahenga walinena kuwa mchuma janga hula na wa kwao. Aghalabu twaitumia methali hii kumwonya kijana mkaidi, kwamba ovu lake litawafika wazazi na nduguze. Lakini hatuna budi kujiuliza: hao “wa kwao” ni akina nani, na mpaka wao uko wapi?

Swali hili hutujia kila tusimamapo katika vilima vya Pugu. Huku ndiko uanziako Mto Msimbazi, upitao katikati ya Dar es Salaam na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Mvua inyeshapo msituni, majani hupunguza kishindo cha matone, mizizi huufungua udongo, na maji huzama taratibu ili yaulishe mto wakati wa kiangazi. Miti ikikatwa, maji hayazami. Hukimbia juu ya ardhi yakichukua udongo, na mto hujaa mchanga.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na nyumba za bonde la Msimbazi zikafunikwa na maji. Oktoba 2022 likaja la kinyume: mvua zilichelewa, Mto Ruvu ukapungua, na wakazi wa jiji hilo hilo wakapewa maji kwa mgawo. Wataalamu watueleza kuwa hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1, huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Ndiyo maana mvua huja kwa vishindo, na ukame nao hukausha zaidi.

Yamkini mtu atasema kuwa joto hilo limeletwa hasa na moshi wa nchi zenye viwanda vingi, basi kosa si letu. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Shoka lililofyeka vilima vya Pugu halikutoka ng’ambo. Wala tusimlaumu mchoma mkaa peke yake. Yeye hukata kwa kuwa mjini yuko anunuaye. Sisi tukaao maofisini, ambao chakula chetu hupikwa kwa mkaa, mkono wetu umo katika mpini wa shoka lile. Tena bei tuliyolipa kwa gunia ni nusu tu. Nusu ya pili hulipwa na mkazi wa bondeni, siku mto ufurikapo.

Hapo Pugu Mwalimu Nyerere alisomesha hadi mwaka 1955, alipoacha kazi ili aitumikie TANU, chama kilichoamini kuwa binadamu wote ni ndugu. Imani hiyo ni rahisi kuitamka, ni vigumu kuiishi kwa mtu usiyemjua jina. Lakini mto hauulizi majina. Wote wanaofikiwa na maji yake ni wa kwetu, na deni letu kwao ni la kweli.

Basi, walimu na vijana, mpandapo mti shuleni, msiuhesabie kivuli chake tu. Ulizaneni pia: maji yake yatamfikia nani?