Kunyamaza Mbele ya Daktari: Je, Ni Subira?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu, Ramadhani iliyopita palitokea jambo katika mtaa wetu ambalo twaona haifai kulinyamazia. Mzee mmoja katika wanaohudhuria darsa zetu, mtu wa sala na wa heshima, ana maradhi ya sukari tangu miaka mingi. Siku chache kabla ya mwezi kuandama alikwenda zahanati. Alitoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, akangoja foleni hata karibu ya adhuhuri. Alipoingia, daktari hakuinua uso katika karatasi zake. Akamuuliza, "Mzee, dawa watumia?" Akajibu, "Naam." "Na hali?" Akajibu, "Alhamdulillahi." Akaandikiwa dawa zile zile, akatoka. Hakusema kuwa atafunga. Hakusema kuwa miguu yamfa ganzi, wala kuwa kila usiku hunywa dawa ya majani aliyopewa na jirani. Wala daktari hakuuliza.

Siku ya nne ya mfungo alimeza vidonge vyake wakati wa daku, kwa kiasi kile kile cha siku zote. Alasiri akaanguka msikitini, jasho lamtoka na maneno yake hayafahamiki. Sukari ilikuwa imeshuka. Mwenyezi Mungu alimnusuru kwa kijana mmoja aliyezijua dalili hizo, akamnywesha maji ya sukari kabla hajapoteza fahamu. Tulipokwenda kumtazama tulimuuliza kwa nini hakumwambia daktari khabari zake. Akasema, "Sikutaka kumsumbua. Na mtu akiumwa, wajibu wake ni kusubiri."

Neno hili twalisikia kila siku mabarazani, na wengi walidhani kuwa ni neno la dini. Basi na tulipime. Je, kunyamaza mbele ya mwenye kutibu ni subira?

Twamjua sote Nabii Ayyub (A.S.), ambaye hutajwa kila inapotajwa subira. Yeye hakunyamaza. Alimwambia Mola wake kwa ulimi wake kuwa dhara imempata, na pamoja na hayo Mwenyezi Mungu akamsifu katika Qur'ani kuwa ni mwenye kusubiri. Na Mtume wetu (S.A.W.), Ibn Masud alipomwingilia naye ana homa kali, hakuificha, alimweleza kuwa homa yake ni kama ya watu wawili. Basi kuyataja maumivu hakuvunji subira. Kinachoivunja ni kumlalamikia Mwenyezi Mungu kwa kuikataa kadari yake. Kumpa tabibu khabari si kulalamika. Na "Alhamdulillahi" ni neno tukufu la kumshukuru Mola katika kila hali, lakini halimwelezi daktari mguu wauma wapi.

Huenda mtu akasema, "Daktari amesoma, nami sikusoma. Nina lipi la kumwambia?" Twamjibu: kadhi naye amesoma. Aijua sheria kuliko watu wote waliomo barazani pake, wala hawezi kuhukumu kwa haki ikiwa shahidi ameficha aliyoyaona. Daktari ni kama kadhi, na mgonjwa ni shahidi wa mwili wake, tena aghlabu ni shahidi wa pekee. Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa wa Waislamu aliyekufa yapata mwaka 925, aliandika kitabu cha kupambanua ndui na surua, na katika alama za ndui alitaja maumivu ya mgongo. Ndugu zetu, maumivu ya mgongo hayaonekani kwa macho. Hayajulikani ila mgonjwa aseme na tabibu asikilize. Ikiwa al-Razi alihitaji ulimi wa mgonjwa, ni nani leo asiyeuhitaji?

Wala hatusemi haya kumlaumu mzee wetu peke yake. Twajua kuwa foleni ni ndefu na wenye kutibu ni wachache, na huyo daktari naye ni binadamu mwenye kuchoka. Lakini mwenye elimu na mamlaka ndiye mwenye mzigo mzito zaidi. Imepokewa kwa Abu Daud kuwa mtu mmoja alijeruhiwa kichwani safarini, kisha ikampasa kuoga. Aliwauliza wenzake kama ana rukhsa, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata khabari aliwakemea vikali kwa kutouliza hali hawajui, akawafahamisha kuwa kuuliza ndiyo dawa ya asiyejua. Tazameni: watu wale hawakutaka ubaya. Kosa lao ni kutoa hukumu juu ya mwili wa mtu bila ya ujuzi. Basi na mwenye kuandika dawa bila ya kuuliza na ajihisabu nafsi yake, kwani kuyajua maradhi si kumjua mgonjwa.

Tena hili si hisani tu ya daktari. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yamtaka mwenye kutibu amweleze mgonjwa hali yake, na matibabu yaliyopo, na faida zake na hatari zake, na maelezo hayo, kila iwezekanapo, yawe kwa lugha aifahamuyo mgonjwa. Mwenye kuuliza kwa adabu, "Nieleze kwa Kiswahili," hakukosa heshima. Ameomba haki yake.

Na wako walionyamazishwa kuliko wazee wetu, nao ni wake zetu na binti zetu. Mara ngapi mwanamke huulizwa na mumewe akamjibia? Na mara ngapi huona haya kumtajia daktari mwanamume maradhi yake, akarudi nayo nyumbani? Haya ni katika imani, na kumtafuta daktari mwanamke ni jambo jema. Lakini asipopatikana, dharura ina hukumu yake, na mume mwenye akili humwachia mkewe ashuhudie mwili wake mwenyewe.

Ama swala la saumu, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa rukhsa katika Suratul Baqara, na maulamaa wametaja kuwa neno la tabibu mjuzi mwaminifu hutegemewa katika jambo hili. Lakini atasemaje neno hilo asiyeambiwa? Basi mwenye maradhi ya sukari na ende kwa daktari mapema, katika Rajabu au Shaabani, amwambie waziwazi: nataka kufunga, dawa nyingine nizitumiazo ni hizi, na maumivu yangu ni haya. Kisha ayarudie aliyoambiwa, ili ijulikane kuwa ameyafahamu.

Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu kwetu, nasi tutaulizwa juu yake. Mzee wetu, twamshukuru Mola, amepona, na juzi alirudi zahanati na karatasi mkononi aliyoandikiwa na mjukuu wake. Atwambia kuwa daktari, alipoanza kusomewa, aliinua uso.

Wallahu aalam.