Mwalimu, Atarudi?

Yako maneno ambayo mwalimu huyatamka kwa wepesi, kwa kuwa watu wamezoea kumwamini. Mimi nililitamka moja mwaka 2021, na hadi leo sijapata namna ya kulirudisha.

Jioni moja alinijia mama mmoja wa Ujiji, ambaye hununua dagaa mwalo wa Kibirizi, akawaanika na kuwapeleka Dar es Salaam. Mwanawe nilimfundisha sekondari nilipokuwa mkuu wa shule. Kijana alikuwa amekwisha kupata shahada ya kwanza hapa nchini, na sasa alikuwa amekubaliwa kusomea shahada ya uzamili huko Ujerumani, katika mambo ya maji. Mama alileta karatasi nimsomee.

Nilimweleza kwamba mwanawe hakumdanganya. Vyuo vikuu vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada, hata kwa mgeni. Jimbo la Baden-Württemberg lilianza mwaka 2017 kuwatoza wengi watokao nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Norwei nayo, iliyosifika kwa elimu ya bure, ilianza kuwatoza wageni mwaka 2023. Lakini kwingi Ujerumani mlango u wazi. Ila kabla ya viza, mwanafunzi huonyesha kwamba anazo fedha za kujikimu kwa mwaka mzima, na aghalabu huziweka katika akaunti maalumu, asiweze kuchota ila kiasi kilichopangwa kwa mwezi. Mwaka ule zilitakiwa euro 10,332, yaani zaidi ya shilingi milioni 25. Septemba 2024 kiwango kilipanda hadi 11,904. Ada ni sifuri, lakini shamba la michikichi ambalo mama yule aliachiwa na baba yake liliuzwa.

Kabla ya kuliuza aliniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, atarudi?"

"Atarudi, mama," nikamjibu. "Mtoto uliyemlea wewe hawezi kupotea."

Akapanda treni pale stesheni ya Kigoma, mwisho wa reli, sisi tukimpungia mikono. Alimaliza masomo mwaka 2023. Sheria za Ujerumani humpa mhitimu wa vyuo vyao miezi 18 ya kutafuta kazi. Yeye aliipata mapema, na yuko huko mpaka sasa. Si mtoto mbaya. Kila mwezi hutuma fedha, na nyumba ya mama imeezekwa bati jipya. Kuhusu kurudi, husema "tutaona".

Nilipozungumza naye kwa simu nilimkumbusha mfano alioutoa Mwalimu Nyerere mwaka 1964, ambao kizazi chetu tuliulea kama mwana. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila asirudi, huyo ni msaliti. Nyerere alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana yeye mwenyewe alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, akarudi kufundisha Pugu.

Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akajibu: "Mwalimu, shikamoo yako ipo palepale, lakini kwa shahada hii serikali yetu haikunilipia hata senti. Aliyenilipia ni Mjerumani. Kama ni deni, ninalilipa kwake kwa kazi na kodi."

Sikuwa na jibu siku ile. Nililitafuta kwa muda mrefu. Kwanza nilikimbilia historia, nikajiambia kwamba neno "bure" likitoka kwa Mjerumani lina mambo yake. Meli ya Liemba, tunayojivunia watu wa ziwa hili, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kuletwa hapa kwa reli ya kati, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la von Götzen, yuleyule aliyekuwa gavana wakati wa Vita vya Maji Maji. Reli ile haikujengwa kwa mikono ya Wajerumani peke yao. Lakini hoja hii, ingawa inanipendeza, haimhusu mama wa dagaa. Yeye hadai chochote kwa von Götzen.

Wala siwezi kumwita kijana msaliti. Nimewaona walimu wenye shahada zao wakikaa nyumbani miaka wakingojea ajira. Angerudi na uzamili wake wa maji akakaa barazani Ujiji akilitazama ziwa, nani angefaidika?

Jibu, ikiwa ni jibu, nililipata kwa bibi yangu. Wakati wa Waingereza, Waha wengi wa Kasulu na Kibondo walichukuliwa manamba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Baba yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Mkataba ukaisha, yeye hakurudi. Mwaka mmoja alimpa mwenzake aliyekuwa akirejea blanketi zito amletee mama yake. Bibi alilipokea, akalishukuru, akalikunja na kuliweka darini. Usiku wa baridi ya milimani alijifunika kaniki yake iliyochakaa, na blanketi liko juu. Sisi watoto tulidhani ni ubahili. Leo nadhani aliogopa kwamba akijifunika, atakuwa amekubali kuwa deni limelipwa. Alichomkopesha ulimwengu kilikuwa mwana, si blanketi.

Hapo ndipo hoja ya kijana inapopwaya. Anamlipa Mjerumani kodi, anamlipa mama bati, na sarafu zote mbili amezichagua mwenyewe. Yule mama hakuuza michikichi kwa ahadi ya bati. Aliuza kwa ahadi ya kurudi.

Lakini nani aliyetoa ahadi hiyo? Kila nikifika hapa jasho hunitoka. Kijana hakuitoa. Nimemuuliza, akasema hakuwahi kumwambia mama yake kuwa atarudi, wala mama hakumuuliza. Aliona haya kumuuliza mwanawe, akaniuliza mimi. Niliyemwekea mtu mwingine sharti, bila yeye kujua, ni mimi. Na nililiweka kwa sababu nilitaka aende. Nilitaka siku moja niseme kwamba mtoto wa shule yangu amesoma Ulaya, na nimekwisha kulisema mara nyingi, msikitini na sokoni.

Mwaka jana mama alikuja tena. Safari hii ni binti yake, amepata nafasi ya uzamili Makerere, Kampala. Nauli ni ya basi, na gharama ni ya kukopa kwa jamaa, si ya kuuza ardhi, ambayo hata hivyo haipo tena. Alikaa kwenye mkeka, karatasi zikiwa zimekunjwa ndani ya khanga.

"Na huyu, Mwalimu, atarudi?"

"Sijui, mama," nikasema. "Na yule wa kwanza pia sikujua. Nilikwambia nisilolijua. Huyu muulize mwenyewe."

Alinitazama kitambo. Kisha akazifungua karatasi, akazinyoosha kwa kiganja chenye harufu ya dagaa, akazisogeza upande wangu.

"Haya. Nisomee."