Amana ya Mkono

Ndugu zetu waliopatwa na maradhi ya figo huenda hospitali mara mbili au tatu kwa juma. Hulazwa kiasi cha saa nne, damu yao ikitolewa mwilini, ikapitishwa katika mashine ikasafishwa, kisha ikarudishwa. Aliye katika hali hiyo hana kinga ila mkono wa mwenziwe. Basi swali letu ni hili: mtumishi ajuaye wajibu wa kunawa mikono, akauacha kwa haraka na asionekane na mtu, je, ana kosa ikiwa hapakudhihiri madhara?

Wako wasemao: hapana madhara, hapana kosa. Na wengine husema: "Mimi nimevaa glavu." Kauli hii ya pili ni nyepesi kuijibu. Glavu humkinga aliyeivaa; lakini akitoka nayo kwa mgonjwa huyu akamshika yule, huenda amechukua maradhi ya mmoja akampelekea mwingine. Ndiyo sababu ikalazimu kuibadilisha kwa kila mgonjwa, na kunawa baada ya kuivua.

Kauli ya kwanza ndiyo yenye khatari zaidi. Virusi vya homa ya ini ya aina ya B huweza kuishi juu ya kitu kikavu siku saba au zaidi, hata pasipoonekana damu. Na aliyeambukizwa huenda asiugue ila baada ya miezi miwili, mitatu au zaidi. Wakati huo, nani atajua ulikuwa mkono upi? Katika mwaka wa 1969 na 1970, mjini Edinburgh, homa ya ini ilizuka penye mashine hizi, wakafa wagonjwa na watumishi pia.

Fundi wa jahazi akiacha kukalafati ubao wa chini kwa kuwa mwenye chombo hauoni, amekhini tangu siku hiyo, hata jahazi lisipozama.

Wala tusimtwike mtumishi peke yake. Msimamizi anayempa mtu mmoja wagonjwa kupita kiasi, au aachaye mfereji bila ya sabuni, ni mshirika wake katika kosa. Lakini penye maji na sabuni, kunawa hakuzidi dakika moja.

Nasi wagonjwa na jamaa zao tusione haya kusema kwa adabu: "Tafadhali, nawa kwanza." Huko si kumvunjia mtu heshima, ni kumsaidia kutimiza amana yake.