Kura ya mwenye kuhesabu franga

Mama wa Kindu anayevuka Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli huhesabu franga zake kabla ya kununua chumvi. Tarehe 20 Desemba 2023 alitaka kupiga kura ya urais kwa hesabu hiyohiyo. Macho yake yalikuwa kwa Augustin Matata Ponyo, mtoto wa Maniema, waziri mkuu toka 2012 hadi 2016, aliyepitisha mishahara ya wafanyakazi wa serikali benki. Lakini Novemba Matata alijitoa, akamuunga mkono Moïse Katumbi. Ikabaki kupima: Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, ama Rais Félix Tshisekedi, aliyeleta elimu ya msingi ya bure 2019? Mzigo wa mama ulipungua, ndiyo. Na mwalimu atalipwa na nini? Kuuliza hivyo si uchoyo, ni kuwapenda watoto.

Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu Matata miaka 10 ya kazi za kulazimishwa kwa ajili ya fedha za mradi wa kilimo wa Bukanga-Lonzo, mashitaka aliyoyakana. Hukumu hiyo iliniuma, kwa kuwa nami nilimsifu. Leo mama bado anafunga noti zake kwenye pindo la kitenge.