Lundo la Mawe la Labani na Yakobo

Andiko: Mwanzo 31:41–53

Jumapili nilikiri jambo mbele ya kanisa, na wengi mmeniomba niliandike. Dada mmoja wa hapa Migori aliniletea pasipoti yake niiombee kabla ya kwenda Saudia. Niliiinua juu, tukaomba kwa nguvu, watu wakasema amina. Sikumuuliza mkataba uko wapi. Mimi, niliyesomea biashara! Hata pikipiki ya kanisa nisingeinunua bila kusoma karatasi. Aliahidiwa kazi ya dukani. Akajikuta anaosha nyumba ya ghorofa tatu, pasipoti imefungiwa na mwajiri. Amerudi mzima, tunamshukuru Mungu, lakini mshahara wa miezi saba hakuupata.

Yakobo naye alikuwa mfanyakazi ugenini. Miaka 20 kwa Labani, na ujira ukabadilishwa mara kumi. Si kwamba hakuwa mtu wa maombi. Mungu alikuwa naye, na bado ilibidi wakae chini, warundike mawe, wapatane. Angalia mstari wa 47: lundo lile lina majina mawili, moja kwa lugha ya Labani, moja kwa lugha ya Yakobo. Kila upande ulielewa ulichokubali. Na mstari wa 50 huwa tunaupita mbio: sharti la kwanza la Labani ni kwamba binti zake wasiteswe huko waendako. Hata Labani, mjanja yule, alijua binti akienda mbali anahitaji neno la pande mbili.

Nchi nazo hurundika mawe. Mwaka 2014 Kenya ilizuia wafanyakazi wa nyumbani kwenda Mashariki ya Kati, kwa sababu ya vilio vya mateso. Mwaka 2017 ikafungua tena, baada ya kupatana na Saudi Arabia. Septemba 2024 tukatia sahihi na Ujerumani, kule Berlin. (Sisi wa kuvuka Isebania kwenda Sirare tuna Itifaki ya Soko la Pamoja tangu 2010, na bado wengine hupita njia za panya.) Shida iko hapo. Anayesafiri kwa viza ya matembezi, kupitia ajenti asiyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, amepita nyuma ya lundo. Ubalozi utamjua vipi? Na hata waliopita mbele, kafala imewafunga wengi kwa mwajiri mmoja, kwa hivyo tusidanganyane kwamba karatasi humaliza kila kitu. Wabunge wetu wakija harambee, tuwaulize hayo pia.

Kuna mama wa ushirika wetu wa Homa Bay ambaye ameshapata mnunuzi wa ng'ombe wawili, binti aondoke mwezi ujao. Mama, nakusihi, usipokee hizo pesa bado. Njoo Jumatano na ile karatasi, hata kama ni Kiarabu kitupu. Tumepata ndugu wa kuitafsiri. Tutaisoma yote, tutatafuta jina la ajenti kwenye orodha ya serikali, ndipo tuweke mikono.