Ardhi Iliyoachwa Tupu

Somo: Luka 11:24-26



Apitaye njia kuu itokayo Lusahunga kwenda Rusumo na atazame kando yake. Mahali udongo ulipochimbwa, au nyumba ilipobomoka, hapakai wazi. Mvua za kwanza zikinyesha, huchipuka kishona nguo na mbigili, mchicha wa mwitu, mnavu na mgagani. Hakuna aliyepanda. Mbegu nyingi zililala udongoni miaka mingi, zikingoja jembe lizifunulie nuru. Nyingine zililetwa na upepo, na ndege, na nguo za wapitao.

Nchi ile yajua kuvurugwa. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya laki mbili walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia vita ya Rwanda, wakakaa Benaco. Miti ikakatwa kwa kuni na vibanda. Hata Wanyarwanda walipoondoka Desemba 1996, vilima vilibaki uchi.

Bwana wetu asimulia habari za pepo aliyemtoka mtu. Aliporudi aliikuta nyumba imefagiwa na kupambwa, akaingia pamoja na wengine saba wabaya kuliko yeye. Nyumba ilikuwa safi, ila haikuwa na mwenyeji.

Ndivyo ulivyo moyo wa mtu. Aliyebatizwa ameacha ulevi na uganga. Mjane amemaliza matanga, na wageni wamekwenda zao. Jembe limepita hapo. Asipokuwapo wa kupanda Neno na upendo, yaliyolala yataamka: uchungu, kisasi, na kiu ya zamani. Gugu changa hung'olewa kwa vidole viwili. Lililokwisha kuzaa limejiwekea akiba ya miaka.

Lakini tusidharau kila kiotacho bila kupandwa. Mchicha, mnavu na mgagani hulisha nyumba nyingi kabla mahindi hayajakomaa. Hata katika moyo uliopasuliwa Mungu amekwisha kuotesha kitu: toba, au huruma kwa wengine walioumia. Mpalizi mwenye haraka hung'oa na mboga.

Basi, enyi walimu na wazee wa kanisa, msingoje Jumapili. Juma hili mwendeeni aliyebatizwa karibuni, na yule aliyefiwa. Ketini naye, someni, ombeni, mshikeni jembe pamoja shambani mwake. Ardhi haingoji mpanzi aliyechelewa. Bwana atupe mbegu njema, na miguu myepesi ya kuipeleka.

Amina.